Kijapani cha Kintinku

Nyumbani kwa stesheni masta wa Kintinku hakuna aliyetumwa jambo akaondoka hivi hivi. Ukiambiwa ukamwambie mama aongeze tangawizi kwenye chai, ulisimama wima ukarudia, "Nikamwambie mama aongeze tangawizi kwenye chai," Mzee Ezekieli akaitikia kwa kichwa, ndipo ukaenda. Wageni walicheka. Mzee hakucheka. Kazi yake ilikuwa kupokea maneno kwa simu kutoka Bahi na kuyapeleka Makutupora: treni ipi imetoka, ipi isubiri. Kila neno lilirudiwa kabla treni haijaruhusiwa, kwa sababu reli ilikuwa moja, na ujumbe ukipinda kidogo tu, treni mbili zingekutana uso kwa uso huko porini. Tabia ya ofisini akaihamishia nyumbani, na mkewe, Mama Rahabu, naye alishazoea hata kurudia maneno ya kuagizwa chumvi.

Sasa katika nyumba hiyo, kati ya nyumba zote za wilaya ya Manyoni, ndimo Kijapani kilimokuja kuingia.

Kiliingia kwa mlango wa betri. Miaka ya nyuma, betri ya redio ilikuwa kitu cha kutafutwa kwa kujuana. Ukiipata uliitumia kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi, na ikichoka uliianika juani ili irudishe pumzi. Halafu ikaja enzi ya ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa mlango. Duka la Mama Stumai pale karibu na stesheni likajaa sabuni za rangi, kanga mpya, na betri zilizopangwa kama matofali. Watu wakaanza kusikiliza redio bila sababu. Rahabu, binti wa Mzee Ezekieli, alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo yake hayakumfikisha popote, na kazi yake ilikuwa kuwauzia abiria mayai ya kuchemsha. Jioni moja, vyombo vikiwa vimeoshwa, akawa anazungusha kinobu cha redio ovyo ovyo, akaangukia idhaa ya Kiswahili kutoka Tokyo. Baada ya habari kukawa na somo la lugha. Mwanamke mwenye sauti ya upole alisema sentensi ya Kijapani, kisha akanyamaza kidogo ili msikilizaji airudie.

Rahabu alirudia hata kabla hajajua anafanya nini. Alikuwa amefundishwa kurudia tangu akinyonya. Mwanamke wa redioni aliposema nyingine, akairudia na hiyo. Somo lilipokwisha alikuwa amesimama wima katikati ya chumba, mikono pembeni, kama aliyetumwa na baba yake.

Hakuacha tena. Aliandika barua, wakamtumia kijitabu cha masomo. Herufi za Kijapani alijifunzia kwenye unga. Mama yake akishasaga uwele, Rahabu alitandaza unga kwenye ungo, akachora kwa kidole, akafuta, akachora tena.

"Rahabu," mama yake alimwuliza, "unga huu tunaula au tunausoma?"

Bibi yake, mama mzazi wa Mzee Ezekieli, aliangalia ile michoro akasema kwa Kigogo kwamba yeye ugali wa unga huo hali, mpaka uombewe. Uliombewa, akaula, akaongeza.

Watu wa Kintinku walimwonea huruma. Walisema kufeli mtihani kumempanda kichwani. Lakini Rahabu hakuwahi kuwa na furaha kama ile. Shuleni kila alichojifunza kilikuwa cha mwalimu, na mwisho wa siku mwalimu alikirudisha kwake na kumwambia hakukiweza. Hiki kilikuwa chake. Hakuna mtu kuanzia Bahi hadi Saranda aliyeweza kumwambia amekosea. Hapo hapo ndipo penye uchungu pia, maana hakuna aliyeweza kumwambia amepatia. Alisalimiana na kuku kwa Kijapani, alihesabu mayai kwa Kijapani, na siku nyingine alijiuliza kama huo ni Kijapani kweli au ni wazimu wake tu alioutungia sauti.

Idhaa ile ilikuwa na desturi ya kusoma majina ya wanaojifunza. Siku moja wakasoma la Rahabu Ezekieli wa Kintinku, Manyoni. Bibi alilia kwa fahari. Mzee Ezekieli alisema tu kwamba mtangazaji ametamka Kintinku vizuri.

Wiki chache baadaye treni ya kwenda Dodoma ilisimama, na Rahabu akapita chini ya madirisha na beseni lake la mayai. Kijana mmoja mrefu, mwenye masikio yaliyosimama kama yanaita upepo, akateremka na dumu la mafuta ya alizeti mkononi. Akamtazama, akasema, "*Eki wa doko desu ka?*"

Maana yake ni: stesheni iko wapi? Ndilo somo la kwanza kabisa. Kijana alikuwa amesimama stesheni, chini ya kibao kilichoandikwa Kintinku kwa herufi kubwa, anauliza stesheni iko wapi.

Beseni lilimponyoka Rahabu. Mayai yakabingirika kwenye kokoto. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amesikia maneno yale kutoka kinywa chenye meno na jasho. Akajibu, "*Koko desu.*" Ni hapa.

Kijana akacheka kwa furaha mpaka akakaa juu ya dumu. Aliitwa Antipasi, mkulima wa Mungaa, naye alikuwa amejifunza peke yake nyumbani kwao, akichunga ng'ombe na redio begani. Huko kwao walikuwa wameshamwita majina yote. Alikuwa akipeleka mafuta ya alizeti Dodoma, na tangu aliposikia jina lile redioni alikuwa hana usingizi, na leo dirishani alikuwa amesikia wachuuzi wakimwita muuza mayai Rahabu.

Tangu siku hiyo kila treni iliyompitisha Antipasi ilimkuta Rahabu chini ya dirisha. Treni haikai sana Kintinku, kwa hiyo waliongea haraka haraka, sentensi za kijitabu zikipishana na mayai. Abiria walidhani wanatukanana kwa sababu ya bei. Akina mama wauza karanga hawakudhani hivyo. Walikuwa na macho, wakaliona lile ambalo halihitaji lugha, na habari ikamfikia Mzee Ezekieli ofisini mwake: binti yako ana lugha ya siri na kijana wa dirishani.

Mzee hakugomba. Alimwita Rahabu akasema, "Akitaka kusema na binti yangu, aje aseme mbele yangu. Mpelekee ujumbe huo. Rudia."

Rahabu alirudia. Aliogopa, kwa sababu aliujua uso ule wa baba. Siku Antipasi atakapokuja, atatoka na ndiyo au atatoka na hapana, na kwa baba yake hapana haikuwahi kubadilishwa na mtu.

Antipasi alikuja Jumapili baada ya ibada, amevaa shati la kuazima, akiongozana na mjomba wake Urbano, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga. Mzee Urbano alikuwa mtu wa maneno mengi. Ili kuwafurahisha wenyeji alijifunza neno moja la Kigogo, la salamu, njiani, akalitoa mlangoni kwa kishindo: "Mbukwenyi!" Waliitikia kwa vicheko. Antipasi akainama, "Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Shikamoo bibi." Akapokea marahaba zake, akaonyeshwa kiti. Rahabu naye akaonyeshwa kiti upande wa pili, na bibi akawekwa katikati kama ukuta wa mipaka.

Chai ikanywewa. Habari za mvua, za ng'ombe, za alizeti zikaulizwa na kujibiwa. Mzee Urbano akakohoa ili aanze posa. Mzee Ezekieli akamwinulia kiganja.

"Kabla ya hayo. Hawa vijana nasikia wanaongea. Waongee hapa tuwasikie, na kila neno nitafsiriwe."

Jamani, hebu jiweke mahali pao. Watu wamekaa kimya, bibi katikati, vikombe vimetulia, halafu uambiwe haya, ongea. Kila kitu kilichokuwa kichwani mwa Antipasi kikatoroka, zikabaki zile sentensi za kijitabu zilizokaa karibu na mlango. Akasema moja.

"Anasemaje?" Mzee akauliza.

"Anasema samaki huyu ni mtamu sana," Rahabu akajibu.

Mzee aliangalia meza. Palikuwa na chai na mihogo. "Samaki gani?"

Rahabu, ili kumwokoa mwenzake, akajibu kwa sentensi iliyomjia kwanza. Antipasi akatafsiri kwa sauti ya unyonge, "Anasema mlima ule una theluji."

"Mlima gani?" Bibi akageuza shingo kuutafuta dirishani.

Mama Rahabu alikuwa ameshajifunika uso kwa kanga, mabega yanacheka peke yao. Kama wangeishia hapo, yangekwisha kwa kicheko. Lakini Antipasi, jasho likimtiririka kwenye yale masikio, aliona lazima atoe sentensi moja ndefu na nzuri ili wazee wajue kwamba si mtoto mdogo katika lugha hiyo. Akaitoa ile ya somo la hotelini. Aliisema bila kukwama hata mahali pamoja, akatabasamu.

Rahabu akawa jiwe.

"Tafsiri," baba yake akasema.

"Baba, hii ni ya kwenye kitabu tu."

"Tafsiri."

"Anasema..." Alitazama chini. "Anaomba chumba cha watu wawili."

Kikombe cha Mzee Ezekieli kilishuka kwenye sahani kwa mlio ambao jirani aliusikia. "Chumba! Ndani ya nyumba yangu? Kabla hata ya posa?"

"Chenye dirisha la kutazama bahari," Rahabu aliongeza haraka, akidhani bahari itasaidia. Haikusaidia.

Mzee Urbano alisimama, akaketi, akasimama tena, akaapa kwamba ukoo wao hauna mtu wa namna hiyo. Antipasi alikuwa anatamani sakafu immeze. Aliapa kwamba ni somo la hoteli, kwamba yeye hoteli hajawahi kuingia, na bahari hajawahi kuiona. Mzee Ezekieli aliwaacha wote wamalize. Kisha akasema polepole, na upole wake ulimtisha Rahabu kuliko ukali.

"Mimi nadhani hakuna Kijapani hapa. Nadhani mmejitungia kelele za kuzungumzia mambo yenu mbele za watu. Kama ni lugha kweli, itabeba ujumbe. Rahabu, nitakwambia jambo kwa Kigogo. Wewe mpe kwa Kijapani. Yeye anirudishie kwa Kiswahili. Likifika zima, ni lugha. Likifika limevunjika, mgeni wetu atawahi treni."

Antipasi alikuwa Mnyaturu, na Kigogo alikijua kama alivyoijua bahari. Mzee Urbano naye alikuwa na lile neno lake moja tu. Palikuwa hapana mlango wa kuchungulia.

Mzee akasema jambo la kwanza. Rahabu akafikiri. Neno moja hakuwa nalo, akalizunguka. Antipasi akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema, "Ndege wa jirani, yule asiyejua kuruka, ameingia jikoni."

"Kuku!" Mzee Urbano alipiga kelele.

"Kuku wa jirani ameingia jikoni," Antipasi akarekebisha. Mzee Ezekieli aliitikia kwa kichwa.

Akatoa la pili, la mvua iliyochelewa na uwele uliokauka upande wa bondeni. Likafika. Likafika hata lile la bondeni. Bibi alikuwa amevutiwa kupita kiasi, akainama kwenye sikio la mjukuu wake akanong'ona la kwake, na Rahabu akalipeleka huku akijizuia kucheka.

"Bibi anasema masikio yangu ni makubwa," Antipasi alisema, "lakini nitawafaa watoto kwa kivuli."

Nyumba ikalipuka. Mama Rahabu alitoka nje kabisa akacheke vizuri. Mzee Urbano alimpiga kijana wake mgongoni. Rahabu alisikia kitu kikifunguka kifuani, kwa sababu sasa mashahidi walikuwapo. Hakuwa mwendawazimu. Miaka yote ile ya kuongea na kuku ilikuwa lugha, imebeba utani wa bibi yake kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine bila kumwaga tone. Alitaka kulia na kucheka.

"La mwisho," baba yake alisema.

Alilisema kwa Kigogo, taratibu, akimtazama Rahabu machoni. "Mwambie aende kwao. Binti yangu haolewi na mtu wa redio. Asirudi tena katika nyumba hii."

Bibi akashtuka, akashika mkono wa mwanawe. Mama alikuwa amerejea mlangoni, kicheko kikamkatikia hapo hapo. Mzee Urbano alikuwa bado anatabasamu, anasubiri utani mwingine.

Rahabu alisimama wima, mikono pembeni, kama alivyosimama maisha yake yote. Maneno yote alikuwa nayo. Kwenda, nyumbani, kurudi, na ile usi- ya kukataza. Yalikuwa maneno mepesi, ya masomo ya mwanzo. Na alikuwa na mengine mepesi vilevile. Angeweza kusema: kaa, subiri, kubali kila kitu. Antipasi angesema, "Mzee anasema karibu," na nani ndani ya chumba kile angejua? Baba yake angejua. Ila kwanza angejua yeye. Lugha hii aliyoihangaikia mpaka ikawa yake, siku ya kwanza kubeba ujumbe mbele ya watu angeitumia kudanganya. Alimchukia baba yake wakati ule, alimchukia hasa, na bado hakuweza.

Akasema. Hakupunguza neno. Sauti ilimkauka mwishoni, akairudia sehemu ya mwisho ili isikike.

Antipasi alifumbua macho. Alimtazama, na Rahabu aliona kwamba amelisikia lote na kwamba anatafuta kama kuna neno alilokosea kusikia. Hakukuwa nalo. Na yeye pia alikuwa na nafasi yake. Angeweza kusema sikuelewa. Angeweza kulainisha. Alisimama, akakunja vidole vya mikono yake mikubwa ya jembe.

"Mzee anasema niende kwetu," alisema. "Binti yake haolewi na mtu wa redio. Nisirudi tena katika nyumba hii."

Mzee Urbano alimgeukia mpwawe, tabasamu likiwa bado usoni.

"Nimesikia, mzee," Antipasi akasema. "Asanteni kwa chai. Bibi, Mungu akuweke." Akachukua kofia yake akatoka, na waliona kivuli chake kikipita dirishani kuelekea stesheni.

Ndipo mjomba akafoka. "Umetuita mpaka huku, mbali kote huku, kututukana?"

Mzee Ezekieli alikuwa amevua miwani, anaifuta na ncha ya shati, na ilikuwa inachukua muda mrefu kuliko miwani yoyote inavyohitaji.

"Rahabu. Ulikuwa unaweza kumwambia kitu kingine."

"Ndiyo, baba."

"Ulitaka?"

"Nilitaka sana." Hakuona sababu ya kumficha. "Bado nataka."

"Na yeye angeweza kuniletea kitu kingine." Akavaa miwani. "Mzee mwenzangu, keti, usikasirike. Nimefanya kazi na watu wengi reli hii. Wote wanarudisha maneno sawasawa yakiwa mazuri kwao. Nilitaka kuona yakiwa mabaya. Mtu aliyeniletea ujumbe wa kumfukuza yeye mwenyewe, haujapungua hata neno, mimi nitamnyima binti kwa lipi? Kwa masikio?" Akamgeukia mkewe. "Chai nyingine. Tuna maongezi na hawa watu."

Mzee Urbano alikaa. Hakujua acheke au aendelee kukasirika, akachukua muhogo.

"Basi kamwite kijana wetu," Mama Rahabu alimwambia mumewe kwa ukali ambao haukusikika mara nyingi pale. "Umemfukuza kwa kinywa cha mtoto, utamrudisha kwa kinywa cha nani?"

Lakini Rahabu alikuwa ameshatoka. Binti anayeposwa hakimbii barabarani, anakaa ndani na kutazama chini. Rahabu alikimbia. Alipita duka la Mama Stumai, alipita akina mama wa karanga, viatu akaviacha viende vitakako. Treni ya Manyoni ilikuwa imeshasimama, watu wamejaa madirishani wanataka mayai, na Antipasi alikuwa amekaa kwenye benchi mwisho kabisa wa jukwaa, kichwa chini, akimsubiri mjomba wake.

Alifungua mdomo kumwita kwa Kijapani, kwa sababu siku zote waliongea hivyo, kwa usalama, bila mtu kuwasikia. Akatafuta. Kijitabu kilikuwa kimemfundisha kuuliza njia, kusifia samaki na kuomba chumba. Alichotaka kusema hakikuwamo katika somo lolote. Abiria walikuwa wanamtazama, na akina mama wa karanga walikuwa wameshasogea ili wasikose.

"Antipasi!" akapaza sauti kwa Kiswahili, mbele ya treni nzima. "Nakupenda! Rudi nyumbani, baba amekubali!"

Mabehewa yakapokea kwa vigelegele na makofi, na mtu mmoja akauliza kama mayai bado yapo. Antipasi aliinuka, kofia akaisahau kwenye benchi, akaanza kuja upande wake, mwanzo akitembea kama mtu mzima, halafu mbio.